Kidole cha Mke

Mtaani kwao sukari ilikuwa ugonjwa wa wanawake, na ushahidi ulikuwepo: kila aliyepimwa akakutwa nayo alikuwa mwanamke. Kwamba hakuna mwanamume aliyewahi kupimwa, hilo halikumnyima mtu usingizi, fundi seremala ndiyo kabisa.

Mkewe ndiye aliyekosa raha. Alimwona mumewe akimaliza jagi la maji kabla chai haijachemka, akienda chooni mpaka bawaba za mlango zikalegea, suruali akizifunga kwa kamba. Mwanamke aliogopa, tena hakuuficha woga wake.

“Baba watoto, twende ukapimwe.”

“Nenda wewe,” fundi alisema. “Si tunakula chungu kimoja? Sukari yako ndiyo yangu. Twende wawili kufanya nini?”

Kwenye zahanati, benchi zima lilikuwa la wanawake. Muuguzi akauliza waume wako wapi.

“Mimi nimekuja kwa niaba yake,” alisema wa kwanza. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuja kwa niaba ya mume na shemeji, maana shemeji naye anakula hapohapo.

“Na jino likimuuma mume, nimng'oe nani?” muuguzi aliuliza.

Walicheka sana, kisha wakatoa vidole, naye akawauliza mmoja mmoja kama miguu yao hufa ganzi.

Majibu ya mke wa fundi yalikuwa safi. Alirudi nayo karakanani kwa mumewe moyo ukiwa mzito kuliko alipoondoka.

“Si nilikwambia? Tumepona!” fundi alishangilia. Akajipongeza kwa soda, akafuta mdomo, akashika randa yake, akawa anapita huku na huko juu ya maranda ya mbao.

Mkewe akaona tone jekundu sakafuni. Kisha jingine, kila alipokanyaga.

“Simama. Hebu inua mguu.”

Msumari ulikuwa umetoboa kandambili na kuzama unyayoni.

“Kumbe!” fundi alisema, akiutazama kwa fahari. “Umeona mwanamume? Hata sijausikia.”

Mkewe akauchomoa kwa koleo. Fundi hakukunja hata uso. Alikuwa anapiga mluzi. Hapo ndipo machozi yalipomtoka mwanamke.

“Sasa wewe unalia nini? Mguu si wangu?”

“Wako,” alisema. “Na damu ni yako.”

Mluzi ukakatika. Fundi akaminya kidole gumba cha ule mguu. Akaminya tena, kwa nguvu, kisha akamwinulia mkewe macho, kana kwamba yeye ndiye wa kumwambia kama kinauma.