Ngoma ya Fien Odekerken na Simu Kumi na Moja

Fien Odekerken alikuwa ameshika kirungu cha ngoma mkono wa kulia na kipande cha vlaai, pai ya cheri, mkono wa kushoto, pale jirani mpya alipoingia ukumbini bila hodi, akamwonyesha simu na kumwambia kwamba yeye ni desibeli tisini na moja.

"Mimi?" Fien aliuliza.

"Wewe na hilo pipa lako," alisema Bwana Terwindt. "Nimepima bustanini kwangu. Mke wangu kanyamaza, mbwa kanyamaza, hata kuku wa jirani wamenyamaza kwa woga. Tisini na moja."

Bendi ya Mtakatifu Sesilia ya Eikerveld ilikuwa na wapigaji thelathini na wanne, na katika miaka arobaini na moja ambayo Fien aliipigia ngoma kubwa, hapakuwahi kutokea mtu wa kuwanyamazisha wote kwa mara moja. Kiongozi wao, Sjeng, aliyekuwa akilipwa kwa kazi hiyo hiyo, alimtazama mgeni kwa wivu kidogo.

Terwindt alikuwa mrefu, mwembamba, fundi wa meno bandia aliyestaafu. Alihamia kutoka Haarlem mwezi wa pili, akanunua nyumba iliyo nyuma ya ukumbi kwa bei iliyomshangaza, wala hapakuwa na mtu wa kijijini aliyeona haja ya kumweleza kwa nini ilikuwa rahisi. Alizungumza Kiholanzi kile kilichonyooka ambacho watu wa Eikerveld hukitumia tu wakisimamishwa na polisi.

"Naandika barua manispaa," alisema. "Yanayofuata mtajibu huko."

Akatoka. Sjeng alishusha pumzi. Maandamano ya Ekaristi yalibakiza wiki tano, na mazoezi yao ni kila Jumamosi mchana. Wakifungiwa ukumbi, pa kwenda ni malishoni tu.

"Na ng'ombe nao wataandika barua," alisema, "wakishasikia tarumbeta zetu."

Fien alimalizia vlaai yake, akafuta vidole kwenye mfuko wa aproni, humo humo ilimokaa simu. Kitu kilichomuuma si barua. Kilichomuuma ni ile namba. Angeitwa mpiga kelele angecheka. Mama yake alimwita hivyo tangu yuko kwenye kiti cha kulishia. Lakini namba ina kiburi chake. Namba haibishiwi ila kwa namba.

Jioni ile alimwambia binti yake, Marleen, amwekee programu ya kupimia sauti kwenye simu yake.

"Nitakuwekea," Marleen alisema, akipaza sauti ili ashindane na televisheni. "Lakini na wewe ulisema utakwenda kupimwa masikio."

"Tunazungumzia masikio ya Terwindt."

"Mama, televisheni inasikika hadi kituo cha basi."

"Basi wanaosubiri basi wanapata habari za dunia. Weka programu."

Jumamosi iliyofuata Fien alimwachia Sjeng kirungu, akaenda kusimama kando ya uzio wa michongoma wa Terwindt huku bendi ikipiga nyimbo zote mbili za maandamano wanazozijua. Simu ilisoma arobaini na tatu. Programu ilikuwa na maelezo chini yake, na pale kwenye arobaini na tatu palikuwa na picha ndogo ya mtu anayesoma kitabu. Fien aliinua simu juu ya uzio kama padri anavyoinua monstransi, kile chombo cha Ekaristi.

"Maktaba, Bwana Terwindt. Tunapiga kama maktaba."

Terwindt alitokea upande wa pili na simu yake. "Tisini na moja ile ile. Maktaba gani hiyo, inayobomolewa?"

"Simu yako mbovu."

"Yangu nimeinunua mwaka huu. Yako ina umri gani?"

"Ina adabu kuliko yako, hilo nalijua."

Wakasimama hivyo, michongoma katikati, kila mmoja akiielekeza simu yake kwa mwenzake kama watu wanaotaka kupigana kwa bastola lakini wamesahau risasi nyumbani. Mwamba ngoma huvutia kwake, na siku hiyo ilikuwa na wawambaji wawili.

Baada ya hapo kijiji kiliugua. Kila mtu aliweka programu. Mahubiri ya padri yalipimwa yakawa sitini na mbili, na kukoroma kwa mzee wa kanisa wakati wa mahubiri hayo kukawa sitini na tisa, jambo lililozua mjadala kuhusu nani hasa alikuwa akihubiri. Mpiga trombone mmoja alijipima ushuzi, akapata themanini na moja, akautuma kwenye kundi la bendi pamoja na picha ya skrini kama ushahidi. Giel, mwenye baa, aliweka ubao mlangoni: *Hapa ni sabini na mbili tu, karibuni.* Alipima asubuhi, alipima jioni, na baa yake ilibaki sabini na mbili, iwe ina watu au haina.

Wiki ya tatu manispaa ikamtuma mtu.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, Noortje Vaessen, amevaa koti la mvua, amebeba sanduku jeusi na stendi ya miguu mitatu. Alimsikiliza Terwindt, akamsikiliza Fien, akazitazama simu zao mbili, akasugua paji la uso.

"Kuna wengine wenye hizi programu?" aliuliza.

Mikono ikapanda. Akaomba meza. Zikapangwa simu kumi na moja bega kwa bega, kama dagaa juu ya bati. Kisha akatoa kipimo chake, akakivika juu ya maikrofoni kikombe kidogo cha chuma kilichotoa mlio mmoja mwembamba, usiopanda wala kushuka. Kipimo kikaandika tisini na nne.

"Hiki kikombe hutoa tisini na nne kila siku," alisema. "Kila kabla sijaanza kazi nakiuliza kipimo: bado unasema kweli? Kikijibu tisini na nne, tunaendelea. Hizi za kwenu zimewahi kuulizwa?"

Akamwomba Sjeng achukue tuba, lile baragumu kubwa kuliko yote, na apige noti moja, ndefu, bila madoido. Sjeng alivuta hewa, akapuliza hadi uso ukawa rangi ya bitiruti.

Kipimo cha Noortje kilisema themanini na nne. Simu nne au tano zilikuwa karibu na hapo, moja pungufu kidogo, nyingine zaidi kidogo. Ya Fien ilisema sitini na sita. Ya Terwindt ilisema mia moja na kumi na nne. Ya Giel ilisema sabini na mbili.

"Inaonyesha sabini na mbili hata sasa alipoacha," Noortje alisema. "Hii unaishikaje ukiwa unapima?"

"Kidole hapa nyuma, juu ya kamera. Ndivyo inavyoelekeza yenyewe."

Noortje aliigusa skrini mara mbili, akaigeuza, akamrudishia taratibu. "Hii inapima mapigo ya moyo, bwana."

Giel alifikiri. "Ndiyo maana siku ile moja, mama mkwe alipokuja, ilipanda mia na kumi. Nami nikadhani ni mdomo wake."

Ukumbi uliangua kicheko, na Fien akacheka kuliko wote mpaka Noortje alipoichukua simu yake, akaimulika kwa tochi sehemu ya chini, penye kitobo cha maikrofoni, akatoa kijiti cha meno mfukoni na kuchokonoa. Kikatoka kitu chekundu, kikavu, kinachonata.

"Ni nini hiki?"

Fien alitazama pembeni. "Cheri."

"Kwa hiyo maktaba," alisema Terwindt, taratibu, kwa utamu, "imezibwa na vlaai."

"Na yako imezibwa na nini, roho mbaya?"

"Yake haikuzibwa," Noortje alisema. Alikuwa amekwisha kuifungua programu ya Terwindt na kuingia ndani kwenye mipangilio. "Hapa kuna sehemu ya kurekebisha kipimo. Imeongezwa thelathini. Uligusa?"

Terwindt alinyooka. Alikuwa mtu wa vitu vidogo, mtu aliyelinganisha jino na jino maisha yake yote, na ilionekana wazi kwamba kudanganya hakukujua.

"Ilikuwa inasoma sitini na moja," alisema. "Nikaona haiwezekani. Kwa jinsi inavyoniuma, haiwezi kuwa sitini na moja. Programu ikasema unaweza kurekebisha mpaka ilingane. Nikarekebisha."

"Ilingane na nini?"

"Na ninavyosikia."

Safari hii hapakuwa na wa kucheka, ingawa nafasi ilikuwepo. Noortje alirudisha ile thelathini kwenye sifuri, akabeba stendi yake hadi bustanini kwa Terwindt, bendi ikapiga nusu saa nzima na Fien akapiga kwa moyo wake wote. Aliporudi alikuwa ameandika sitini na moja. Kwa mchana, ilikuwa chini ya kikomo cha manispaa. Simu ya Terwindt ilikuwa imesema kweli tangu siku ya kwanza, hadi mwenyewe alipoisahihisha.

Watu walipiga makofi. Sjeng alikwishaanza kunyoosha mkono kwa ajili ya bia, lakini Noortje hakufunga sanduku.

"Wewe wa ngoma," alisema. "Njoo nikufunge hii." Akambana Fien maikrofoni ndogo kwenye ukosi, karibu na sikio la kushoto, lile linaloelekea ngoma. "Masikioni huwa unavaa nini?"

"Hereni," alisema Fien.

Wakapiga tena. Safari hii Noortje hakuisema namba mbele ya watu, alimwonyesha. Ilikuwa tisini na nane, na si kilele, bali wastani.

"Kiwandani ningezima mashine," alisema kwa sauti ya chini, kisha ikabidi aseme tena kwa sauti ya juu, na hapo wote wawili wakaelewana.

Noortje alipoondoka Fien aliketi juu ya sanduku la kuwekea vinanda vya mkono, kirungu mapajani. Alikuwa ametafuta namba ya kumwambia Terwindt kwamba yeye si kelele, na alipopewa namba ya kweli, ilimhusu yeye mwenyewe. Sjeng alikuja kuketi kando yake.

"Miaka mitano sasa," alisema, "unapiga kama mtu anayebisha mlango wa kiziwi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Hukusikia."

Fien alimpiga na kirungu begani, si kwa nguvu. Kisha akaomba leso.

Jumatatu alikwenda kupimwa. Sikio la kushoto lilikuwa limepoteza karibu sauti zote nyembamba: ndege, filimbi, na robo tatu ya maneno ya Marleen. Daktari alisema yaliyopotea hayarudi, ila yaliyobaki yanaweza kulindwa, na akamwandikia jina la duka linalouza vizibo vilivyoundwa kufuata umbo la sikio la mtu. Dukani wakamwambia asubiri wiki sita. Maandamano yalikuwa baada ya siku kumi na tatu.

Hiyo habari ilifika nyuma ya michongoma, kwa kuwa Fien aliisimulia kwenye simu, nje ya ukumbi, kwa sauti yake ya kawaida. Keshoye Terwindt alisimama mlangoni pa Fien na kisanduku cha mbao. Safari hii alibisha hodi. Alibisha mara nne.

"Keti," alisema, alipokwisha kuingia jikoni. "Inamisha kichwa. Hii ni ya kuchukulia umbo la meno, lakini tundu ni tundu."

"Unataka kunitia saruji masikioni?"

"Ningetaka hivyo ningeanza na mdomo."

Alifanya kazi polepole, kwa vidole virefu visivyotetemeka. Alimziba sikio na kipande kidogo cha pamba kilichofungwa uzi, ndipo akajaza ule ute baridi wa rangi ya waridi. Wakati wakisubiri ukauke, Fien akiwa na sikio moja tu la kusikilizia, Terwindt alimweleza kwamba alisaga meno bandia miaka thelathini na minne, na kwamba mashine ya kusagia ilimwachia mlio masikioni, kama birika ambalo hapana mtu wa kulitoa jikoni. Hauishi, akilala au akiamka. Alihama mjini kutafuta ukimya, na ukimya ukaufanya mlio uzidi. Na kila ngoma ikigonga, birika linachemka upya.

"Daktari wako anasemaje?" aliuliza Fien.

"Anasema ni desibeli chache tu. Kapima."

Fien hakuwa mtu wa kushika watu mikono. Alisukuma sahani ya vlaai mbele yake.

Vizibo vilikuwa tayari siku ya tano, vya rangi ya ufizi, kwa sababu rangi nyingine hakuwa nayo. Kwenye mazoezi Fien alivivaa, akapiga pigo la kwanza, akasimama. Aliinama kuitazama ngozi ya ngoma ilivyotetemeka kuliko alivyodhani, kisha akapiga tena, taratibu zaidi. Sjeng alilalamika kwamba sasa mapigo hayasikii. Ilibidi bendi nzima ipunguze, na ilipopunguza ikagundulika mambo mengi ambayo kelele ilikuwa imeyasitiri kwa ukarimu.

Siku ya maandamano palikuwa na jua. Padri alipita chini ya mwavuli wake wa dhahabu, watoto wakamwaga petali, na bendi ikafuata nyuma, Fien akiwa safu ya mwisho na ngoma kifuani. Terwindt alisimama langoni kwake, mikono nyuma. Waliposimama kungoja padri abariki altare ya njia panda, Terwindt alimsogelea Fien, akasema karibu na sikio lake la kulia, lililo afadhali, na ikabidi Fien atoe kizibo.

"Nimesema bado siupendi muziki wenu."

"Sawa."

"Na tarumbeta ya pili iko chini, karibu robo ya sauti."

"Hilo tunalijua," alisema Fien, akirudisha kizibo mahali pake. "Ni shemeji yake Sjeng. Mwenyewe anadhani ni sisi tulio juu."