Mji Alioomba Komeo

Bibi alifika mahakama ya rufaa mapema, akakaa benchi la mbele asipitwe na neno. Mjukuu wake, Komeo, alikuwa mfunga magari: ukiegesha pabaya, anabana gurudumu kwa chuma cha njano mpaka ulipe faini. Sasa kafungwa yeye, miaka mitano, kwa kujipatia pesa kwa vitisho. Leo anaomba apunguziwe. Nyumbani walimpa bibi habari nusunusu. Komeo alimtisha nani? Kwa maneno gani? Hilo ndilo lililomwasha kama upupu.

Wakili akasimama. "Mheshimiwa Jaji, ulikuwa utani tu. Mteja wangu alimtegea yule mama mwenye gari kitendawili."

Bibi akanyoosha shingo.

"Kipi?" Jaji akauliza.

Wakili akasoma: "'Gari liko gesti, nyumbani wanajua liko kazini.' Mteja wangu akamwambia, 'Umeshindwa? Basi nipe mji.'"

Watu wakacheka. Bibi hakucheka. Yeye ndiye aliyemfundisha Komeo vitendawili, akichambua mboga, mtoto akiwa kibogoyo wa meno ya mbele. Anayeshindwa hutoa mji wa maneno, mtegaji akautamba, mchezo ukaisha.

Jaji akamgeukia Komeo. "Alikupa mji gani?"

"Mshahara wake wa mwezi, mheshimiwa."

"Na jibu la kitendawili?"

Wakili akafungua mdomo. Jaji akamzuia kwa kidole. Macho ya Komeo yakakutana na ya bibi. Jibu bibi alikwishalijua. Alichotaka kujua ni kama mtoto huyu atalisema.

"Jibu ni siri yake," Komeo akasema. "Nilikuwa na maana nitampelekea mumewe. Haukuwa utani."

Wakili akaketi kama gunia. Jaji akaandika, akaandika tena.

"Vitisho ni vitisho, hata ukivivisha kilemba. Lakini umejibu mwenyewe. Mitano iwe mitatu."

Askari alipompitisha karibu na benchi, bibi akamshika mkono.

"Kitendawili!"

"Tega, bibi."

"Alifunga magari ya watu, akafungwa na kitu kisicho na mfupa."

Komeo akainama. Ulimi huo huo ukamwia mzito. "Nimeshindwa."

"Mwongo wewe! Haya, nipe mji."

"Sina mji, bibi. Nina selo tu, tena tuko wanane."

"Hiyo siitaki," akasema bibi, akimnyoosha kola. "Nitakudai ukitoka."