Pua ya Jiko

Bi Taratibu alilizunguka lile jiko la nyama za moshi mara ya pili, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Mkaza mwanawe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kidoti kwa jina la utani la mtoto wake, alikuwa keshalipenda. Fundi Cheche, mchomeleaji mwenye karakana, alikuwa keshaona kwamba limependwa, ndiyo maana alikuwa akilifuta vumbi kwa kitambaa na kuisifia rangi.

"Pipa limelala hivi, chumba cha moto ubavuni, bomba la moshi kule mwisho. Nyama unaiweka asubuhi, mchana inaachia mfupa yenyewe bila kusukumwa. Na rangi hii, mama, haibanduki."

"Rangi hatuli," alisema Bi Taratibu.

Mama Kidoti alicheka, kisha akaziba mdomo kwa kiganja, kama alivyofanya kila alipopitiwa na kicheko mbele ya mama mkwe.

"Na hiki je?" Fundi aligonga kioo cha kupimia joto kilichobandikwa juu ya mfuniko. "Wenzangu wote hawaweki hiki."

"Kinapima joto la mfuniko. Huyu anakwenda kuuza mfuniko?"

"Mama, unanifungia duka."

Bi Taratibu alishasogea. Alikuwa ameinama kwenye chumba cha moto, anakigonga kwa pete yake ya ndoa. Kililia kama kopo la maziwa. Akasogea kwenye jiko la pili, lililosukumwa pembeni karibu na vyuma chakavu, halina rangi, mfuniko umekaa upande kama kofia ya mlevi. Akagonga chumba chake cha moto. Hicho kilijibu kwa sauti nzito.

"Pale panapokaa moto pasiwe pembamba," alimwambia mkaza mwanawe kwa sauti ya chini. "Bati likiwa jepesi pale, mwaka hauishi limetoboka. Kwingine kote tunaweza kulisaidia." Kisha akaomba simu, akawasha tochi yake, akaitumbukiza ndani ya pipa na kufunga mfuniko. Mwanga ukachungulia kwenye ukingo wa mfuniko, kwenye bawaba, kwenye maungio ya chumba cha moto. "Unaona? Panapopita mwanga, moshi na joto vitapita."

"Basi hili bovu," alisema Mama Kidoti, amenywea.

"Hili ndilo tunalochukua."

"Sasa mama unataka jiko au tanki la maji?" alidakia Fundi Cheche. "Jiko la bei hii lazima livuje kidogo." Lakini alishaanza kuwaita vijana wapakie, asije yule mama akabadili nia.

Safari ile ya karakana haikuwa ya kujifurahisha. Mwanawe Bi Taratibu alikuwa amepata kazi kwenye kambi ya machimbo, mbali, na kila alipopiga simu wimbo wake ulikuwa mmoja: kama mke wake hajapata shughuli ya kueleweka pale nyumbani, basi afunge virago, yeye na mtoto, wakakae naye kambini. Kambini palikuwa na chumba kimoja, vumbi kutwa, na foleni ya maji. Kidoti alishakaa kule likizo moja, akarudi na kikohozi kilichokataa kuondoka. Mama Kidoti hakutaka kurudi. Sasa mama mwenye mgahawa wa kona alikuwa amekubali kumjaribu: amletee kuku na mbavu za moshi Jumamosi mchana. Akiridhika, atachukua kila wiki. Asiporidhika, mume alishasema hatasubiri tena.

Hayo yalijulikana na wote. Lililojulikana na Bi Taratibu peke yake ni kwamba wakiondoka, nyumba ile itabaki na yeye na saa ya ukutani. Kila alfajiri alipopiga magoti aliomba jiko lile lifanikiwe, na kila aliposimama alijiuliza ameliombea jiko au amejiombea nafsi yake. Hakulitafuta jibu, na hakutaka kumsumbua Mungu kwa swali ambalo jibu lake alilijua vizuri.

Kazi ya moshi aliijua. Yeye na marehemu mumewe walikuwa wakikausha nyama kwa ajili ya kantini ya kiwanda, miaka ile kiwanda kilipokuwa na kantini. Kwa hiyo lile jiko lilipoteremshwa uani, alikaa kwenye kigoda na kuanza kuelekeza, na Mama Kidoti akawa anatenda.

Kwanza waliliwashia moto mkali likiwa tupu, hadi mafuta ya kiwandani yaliyobaki kwenye pipa yakaungua na ile harufu ya karakana ikaisha. Likiwa bado vuguvugu, wakalipaka mafuta ya kupikia ndani yote, lisishike kutu. Matofali wakayapanga chini, maana bati halina subira: linashika joto upesi na kulimwaga upesi, lakini tofali hulitunza. Kati ya moto na nyama wakasimamisha kipande cha chuma, ule mwali usiirukie nyama ya upande mmoja na kuisahau ya upande wa pili. Kwenye ukingo wa mfuniko wakavalisha kamba nene isiyoungua, ile wanayoweka kwenye milango ya matanuri ya mikate.

"Na kipimo cha joto ukinunua, ukining'inize pale nyama inapolala," alisema Bi Taratibu. "Na kuni ziwe kavu, za mti wa matunda. Mbao za fundi seremala usiziguse hata akikupa bure, zina dawa na rangi."

"Ndiyo, mama."

"Kesho mimi nakwenda kumwangalia mgonjwa wetu, yule mwenzetu wa maombi. Chukua udongo wa mfinyanzi, changanya na majivu, ziba. Ziba kote panapotoka moshi. Kisha jaribu kuku mmoja."

"Ndiyo, mama," alisema tena Mama Kidoti.

Kesho yake Bi Taratibu alirudi jua likiwa bado juu. Kabla hajafungua lango alijua kuna jambo. Harufu iliyomlaki haikuwa ya kuku, ilikuwa ya dekio lililoungua. Mama Kidoti alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni, macho mekundu, na mbele yake sinia lenye kuku mweusi tii, anang'aa kama kiatu cha askari.

Bi Taratibu alichomoa kipande cha paja, akakitia mdomoni. Kilikuwa kichungu kama shubiri. Alikimeza hivyohivyo, kwa kuwa yule binti alikuwa anamtazama.

"Sema tu, mama."

"Kichungu."

"Moto umekuwa ukizimika tangu asubuhi. Nawasha, unalala. Nawasha, unalala. Nikifungua mfuniko nazabwa na moshi wa uso. Nimepuliza mpaka kizunguzungu." Alijipangusa kwa ukosi wa gauni. "Nimeshampigia mwenzangu. Nimemwambia huenda tukaja."

Lile neno lilimpata Bi Taratibu pale penyewe, lakini uso wake haukusema kitu. Aliweka mkoba chini, akaenda kwenye jiko. Maungio yamezibwa vizuri, udongo umelainishwa kwa kidole, kazi safi. Bawaba sawa. Akafika kwenye bomba la moshi, akainua macho. Juu ya bomba palikuwa na kifuniko cha kopo, kimekandikwa udongo pande zote, kimebana kama chupa ya dawa.

"Nani kaziba hapa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Mama Kidoti alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ulisema kote, mama. Kote panapotoka moshi. Na moshi mwingi ulikuwa unatoka hapo."

Bi Taratibu aliyakumbuka maneno yake mwenyewe. Ziba kote. Ndivyo alivyosema, na ndivyo marehemu alivyokuwa akimwambia yeye, kila msimu walipolikandika upya lile tanuri lao la matofali. Lakini juu ya tanuri lile palikuwa na tundu walilolikuta limeachwa na tofali moja, marehemu akiliita pua, na hakuna aliyewahi kulihesabu katika kote. Kote ilikuwa nyufa. Pua ni pua. Ilikuwa lugha ya watu wawili, na mmoja wao alikuwa kaburini.

Akamweleza. Moto unavuta pumzi huku chini, unaitoa kule juu. Ukiuziba pua, moshi unabaki ndani unazeeka, unageuka masizi na kuilalia nyama. Moshi mzuri ni ule unaopita, hausimami kupiga soga.

Mama Kidoti alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema polepole, "Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua haiwezekani. Hata jiko la mkaa linataka hewa. Nimekaa hapa nalia na moshi, najiambia, hili bomba Fundi hakuliweka kwa urembo."

"Sasa mbona hukulizibua? Mbona hukunipigia simu?"

Yule binti alikunja upindo wa kanga yake, akaukunjua. "Nilisema mama amekula chumvi nyingi, ana maana yake. Nani mimi nikupigie simu ukiwa kwa mgonjwa, nikuulize kama umekosea?"

Bi Taratibu alikaa kwenye ngazi kando yake, kitu ambacho hakuwa na desturi ya kukifanya. Miaka yote tangu binti yule aolewe, alikuwa akimsifu kwa watu: mkwe wangu hana neno la pili, nikisema hili ni hili. Alikuwa akilisema kwa fahari. Sasa alilitazama lile kopo lililokandikwa na kuiona heshima yenyewe pale, imebana vilevile, na mtu ndani yake anakosa pumzi.

"Sikiliza," alisema. "Kwenye jiko hili, nikisema kitu hukielewi, niulize. Nikikujibu na bado hukielewi, niulize tena."

"Nitaonekana mkaidi."

"Na nani? Uani tuko sisi na kuku huyu, na yeye yamemkuta."

Safari hii Mama Kidoti alicheka na kiganja hakikufika mdomoni.

Walilizibua bomba, wakasugua masizi, na siku iliyofuata Mama Kidoti alishinda na lile jiko kutwa nzima, hana nyama ndani, anawasha na kupima tu. Alijifunza kijidirisha cha hewa kwenye chumba cha moto kikifunguliwa hivi joto linapanda namna gani, kikirudishwa linachukua muda gani kutulia. Bi Taratibu alimwona kupitia dirisha la chumbani, akitabasamu peke yake kama mtu aliyeshika redio mpya. Hakutoka.

Jumamosi waliwasha mapema. Kuku wakalala upande wa mbali, mbavu karibu na chuma cha kukinga, na baada ya muda moshi ukaanza kutoka bombani, mwembamba sana, wa kuibia, ukitazama mbingu kupitia kwake ulikuwa kama buluu iliyochakaa.

Bi Taratibu hakuupenda. Kwenye tanuri lao moshi ulikuwa unaonekana hadi barabara ya pili. Aliona nyama inaiva bila ladha, aliona mama wa mgahawa anasukuma sahani, aliona mabegi mlangoni. Akainuka, akachukua kitambaa na kile kifuniko cha kopo, akanyoosha mkono alibane bomba nusu.

"Hapana, mama."

Sauti haikuwa kubwa. Bi Taratibu alisimama, mkono hewani.

"Kidogo tu, moshi ukae."

"Usilibane. Tanuri lenu lilikuwa la matofali, ukilibana linavumilia. Hili ni bati. Jana nililibana nusu, moto ukanywea, nilipolifungua ukapaa mpaka nikauogopa. Liache lipumue. Tafadhali, mama."

Hakuna aliyewahi kumwambia Bi Taratibu hapana pale uani tangu marehemu. Ulimi wake ulishapata jibu, tena jibu kali. Na hakuwa na uhakika, hilo ndilo lililomsumbua: huenda binti amekosea, na akikosea ndiyo basi, jioni watakuwa wanafunga mabegi. Alitaka kuomba, akakosa la kuomba. Akarudisha mkono, akakunja kitambaa, akaenda kukaa.

"Jiko ni lako," alisema.

Mama mwenye mgahawa alikuja mwenyewe mchana, mwanamke mnene wa maneno machache, aliyetembea na uma wake ndani ya mkoba. Alikata kuku. Akatafuna amefumba macho, kama anasikiliza habari za mbali. Akakata tena, safari hii bila kufumba. Kisha akahamia kwenye mbavu, akavuta, zikagoma kidogo.

"Mbavu bado," alisema. "Zinanipigania. Nani alikuwa na haraka?"

"Mimi," alisema Mama Kidoti. "Nilizitoa kwa kuogopa saa."

"Usiogope saa, niogope mimi. Kuku nawataka kila Jumatano na Jumamosi. Mbavu utaniletea zikishakubali." Akamwangalia Bi Taratibu. "Umemfundisha vizuri."

"Kuku ni wake," alijibu Bi Taratibu. "Mimi nilitaka kumharibia."

Mgeni alipoondoka, Mama Kidoti alichukua simu na kutoka hadi langoni. Bi Taratibu alibaki akikwangua chanja walipolazwa kuku, na kwa kuwa masikio hayana kifuniko, alisikia. Alisikia mume akielezwa habari ya kuku, akielezwa na ya mbavu bila kuficha. Kisha alisikia: "Hapana, hatuji. Wewe njoo mwisho wa mwezi, ule." Baadaye kicheko.

Mama Kidoti alirudi, akachukua brashi ya pili, akaanza kukwangua upande wake. Walifanya kazi hivyo kwa kitambo. Kidoti alikuwa ameamka ndani na alikuwa akiimba jambo lisilo na maneno.

"Mama."

"Naam."

"Ulisema nisipoelewa niulize."

"Nilisema kwenye jiko."

"Hili nalo limeanzia kwenye jiko." Aliacha kukwangua. "Miezi yote hii mwanao anasema tuhame, wewe hukuwahi kutia neno. Hata siku moja. Nikawa sijui. Wewe ulitaka tubaki, au ulikuwa unatuvumilia?"

Bi Taratibu aliutazama mkono wake uliojaa masizi. Angeweza kusema kwamba mama mkwe haingilii mambo ya mke na mume. Lilikuwa jibu zuri, na la heshima, na angekuwa ameziba tena.

"Nilitaka mbaki," alisema. "Nilitaka sana, mpaka nikawa naona haya kuliombea."

Mama Kidoti alisogeza ndoo ya maji katikati yao ili wote wawili waifikie, akachovya brashi, wakaendelea kukwangua.