Siku Pua Alipobaki na Ulimi

Haya nilisimuliwa na mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili, Jumapili iliyopita tukikunja nguo. Yeye ni mwonjaji wa mvinyo katika duka kubwa la vinywaji. Kazi hiyo alifundishwa na mzee mmoja ambaye wote wanamwita Pua, maana alikuwa akinusa glasi mara moja tu anakwambia zabibu zilichumwa mwaka wa mvua au mwaka wa jua kali, na hakosei.

Siku hiyo mwenye duka, mwanamke asiye na maneno mengi, alitaka mvinyo mwekundu wa shamba moja, lakini achague mwaka mmoja kati ya mitatu. Ukishanunuliwa unalazwa ghalani miaka na miaka, kwa hiyo aliyechagua vibaya hana pa kujificha. Tena mama huyo alishaanza kusema chini chini kuwa mzee apumzishwe. Kosa moja lingetosha.

Wakakaa watatu, kitambaa cheupe mezani, ndoo ya kutemea katikati. Pua akaanza na mwaka wa zamani. Aliinamisha glasi juu ya kitambaa, akaona rangi ya pembeni imegeuka kama tofali. Akanusa, akaonja, akatema, akasema huu umetulia vizuri.

Mkwe wangu naye akanusa. Mvinyo ulinuka boksi lililonyeshewa. Kizibo kilikuwa kimeuharibu, jambo ambalo hata mwanafunzi mgeni hulijua. Akakumbuka kwamba tangu mzee atoke kuugua homa hajailalamikia chai ya ofisini, na zamani aliisema kila asubuhi. Akinyamaza, duka litanunua kwa kubahatisha. Akisema, amemvua mwalimu wake nguo mbele ya tajiri.

Akasema taratibu, "Baba, naomba tufungue chupa nyingine ya mwaka huo huo."

Mzee akamtazama. Angeweza kumkaripia, na angeaminiwa yeye. Lakini aliweka glasi chini akamgeukia mwenye duka.

"Mama, pua sina tangu ile homa. Nilidhani itarudi kabla hamjajua. Rangi naiona, na ulimi ninao. Harufu muulize huyu binti, nimemfundisha mwenyewe."

Kisha mama yule akauliza, "Pua bila pua, sasa tukuite nani?"

"Niiteni Ulimi, ila hiyo chupa ifunguliwe."

Mkwe wangu anasema kazi kama ile hajapata kuiona. Yeye ananusa na kutaja, mzee anaonja na kujibu. Mwaka mchanga ulinukia matunda ya porini. Mzee akasema unakaba ulimi kama ndizi mbichi, na ukilainika hautakuwa na uchachu wa kuubeba miaka yote ya ghalani. Mwaka wa kati, wa jua kali, ulinukia jamu. Mzee akasema unachoma koo halafu unaondoka bila kuaga. Kisha ile chupa mpya ya mwaka wa zamani. Mkwe wangu akataja tini kavu, ngozi ya kiatu kipya, udongo uliopata mvua. Mzee aliuweka mdomoni muda mrefu, macho amefumba. Uchachu uko hai, akasema, na ukali umelainika kama shuka lililofuliwa sana. Ndoo akaisahau, akameza.

Mwenye duka akaonja, akaagiza huo. Akasema kuanzia sasa hakuna chupa itakayonunuliwa bila hao wawili kukaa mezani pamoja, na habari ya kumpumzisha mzee asiisikie tena kwa mtu. Akatoka.

Mkwe wangu akawa anafuta glasi, akakiri kuwa aliogopa mzee atamkasirikia.

"Ningekasirika ungenyamaza," mzee akasema, akakaa kwenye kiti karibu na dirisha. Akaongeza kuwa tangu homa ile usingizi ulikuwa umemkimbia, kila akilala anawaza siku watakayomgundua.

Mkwe wangu akamuuliza chupa zilizobaki aziweke wapi. Alipogeuka alimkuta kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi, anakoroma mchana kweupe.