Fungua Hilo Paa

Panga lilipoteleza, Nasambu hakulia. Aliniita mara moja tu, "Kituyi," kwa sauti ya mtu anayeomba maji, na hapo nikajua ameumia vibaya. Miaka yote ya ndoa yetu ameniita Baba Joy.

Nilimkuta kwenye nyasi za ng'ombe nyuma ya zizi, ameketi chini, ameushika mguu kwa mikono yote miwili. Panga lilikuwa limeingia kwenye shavu la mguu, na damu ilikuwa ikiruka, ikipumzika, ikiruka tena. Nilifungua mshipi wangu, nikamfunga chini ya goti na kukaza. Damu ilipungua lakini haikukoma.

"Jebet!" niliita juu ya ua. "Jebet, kuja haraka!"

Jebet ni jirani yetu. Alikuja mbio na kitenge, akauzungushia mguu. Pikapu ya mumewe ilikuwa imeenda Sugoi kuleta mahindi. Tulipiga simu kutafuta gari la wagonjwa, tukaambiwa tungoje. Pikipiki haingefaa, kwa sababu mtu anayeelekea kuzirai hapandishwi pikipiki. Na mawingu yalikuwa yameshuka meusi juu ya eneo letu lote la Kiplombe.

Uani kwangu kulikuwa na gari moja tu, nalo lilikuwa la mkwe wangu, Ronnie.

Alikuja nalo asubuhi hiyo kutuonyesha. Ronnie ni karani mjini, na alikuwa amejinyima muda mrefu ili alinunue: gari jekundu la Kijapani, la mitumba, viti viwili basi. Bei yake haikufika ya ng'ombe watano wa gredi. Alinizungusha akinieleza kama mwalimu.

"Injini ni cc mia sita sitini, Baba. Silinda tatu, lakini iko na turbo. Lita moja ya petroli inaenda kilomita ishirini. Uzito ni kilo mia nane na hamsini."

"Hiyo ni fahali wangu na ndama wake. Na hapa chini mbona limekaribia ardhi hivi?"

"Sentimita kumi na moja, Baba."

"Litakwaruzwa na kuku. Na watoto utawaweka wapi?"

"Watoto bado hatujapata, Baba."

"Ndiyo maana hawaji. Wamechungulia wakaona hakuna kiti."

Alicheka kwa adabu, kisha akabonyeza kitufe. Paa liliinuka, likajikunja, likaingia lenyewe ndani ya buti, na gari likabaki wazi kama karai. Nilipiga makofi. Nasambu naye aliyaona yote, lakini kupitia dirisha la jikoni.

Kwetu Wabukusu, mama mkwe na mume wa binti yake wanaogopana kwa heshima. Hawashikani mikono. Wakikutana njiani mmoja hupisha. Ronnie akija, mimi humweka nje penye kivuli cha tangi la maji, na Nasambu humtumia chai kwa mkono wangu. Hawajawahi kukaa chini ya paa moja, isipokuwa kanisani, na huko wanaume wanakaa upande wao.

Sasa Jebet nami tulimbeba Nasambu hadi uani. Ronnie alipoiona damu alikimbia kufungua mlango wa gari, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa, akasimama amegeuza uso. Nasambu alikitazama kile kiti. Kati yake na kiti cha dereva palikuwa na nafasi ya kiganja tu.

"Siingii," akasema.

"Mama Joy, damu inaisha!"

"Nikae na mkwe bega kwa bega, ndani ya kisanduku? Nipeleke mimi kwa mkokoteni."

"Mama," Jebet akamwambia, "hata sisi kwetu tunaheshimu wakwe. Lakini ukikufa utamheshimu na nini?"

"Nikifa nitazikwa na uso wangu."

Nilimgeukia Ronnie ili anisaidie. Alikuwa akilia, lakini hakuthubutu kusogea. Joy, mke wake, alikuwa kazini Nakuru. Mimi sijui kuendesha gari. Nilitaka kumbeba Nasambu na kumtupa ndani kwa nguvu, naye alijua, akashika nguzo ya ua.

Midomo yake ilikuwa imeanza kupauka. Ndipo aliposema polepole, "Si hilo gari linavua kofia? Nililiona asubuhi. Ronnie, fungua hilo paa. Chini ya mbingu watu wote hukaa."

Hakuwa amewahi kumtaja kwa jina. Ronnie aliruka, akabonyeza kitufe. Paa lilitikisika, gari likalia pii, pii, kisha kimya.

"Nini tena?" nikauliza.

"Baba, ni buti. Paa linaingia huko. Kama kuna mzigo, linakataa."

Mzigo ulikuwa wangu. Nusu saa mapema nilikuwa nimejaza humo viazi, mkungu wa ndizi na jogoo ndani ya katoni. Ronnie alijaribu kuniambia nafasi ni ndogo, nikamjibu kwamba mkwe wa Kituyi haondoki mikono mitupu, na kwamba sifundishwi kutoa.

Nilifungua buti na kuanza kutupa. Viazi vilitawanyika uani. Katoni ilipasuka na jogoo akakimbilia shambani. Mkungu ulikuwa umekwama chini ya kizuizi cha buti, kile kipazia kinachotenga nafasi ya paa. Niliuvuta kwa miguu na mikono hadi ukakatika nikaanguka nao. Ronnie alikifunga kizuizi, akabonyeza tena. Paa likainuka. Sijawahi kuona kitu kinachokwenda polepole vile. Lilipomaliza kujikunja, tone la kwanza la mvua lilinipiga kwenye kofia.

Tulimketisha Nasambu, Jebet akamfunika na karatasi ya plastiki ya kuanikia mahindi. Aligeuza uso nje. Ronnie aliingia upande wake kama mtu anayeingia mtoni, akaondoka.

Jebet alikuwa amekwisha kumwita Kipyego, mtu wa bodaboda. "Mzee, shika mimi!" Kipyego akanipigia kelele. "Si koti, mimi mwenyewe!" Tukawafuata.

Mvua ilimwagika. Mbele yangu niliona vichwa viwili ndani ya gari wazi, kimoja cha kitambaa cha bluu, kimoja cha nywele zilizolowa, na kati yao nafasi ile ya kiganja. Nilikitazama kitambaa tu. Kikiwa wima, mke wangu yu hai.

Karibu na kinu cha posho trekta lilikuwa limechimba mifereji barabarani. Gari lilipanda tuta la matope katikati, tumbo likakaa juu yake, magurudumu yakazunguka bure. Sentimita kumi na moja. Wakati huohuo pikipiki yetu iliteleza, tukalala ubavu kwenye maji. Nilipoinua kichwa, kitambaa cha bluu kilikuwa kimeinama. Kiliinama upande wa dereva.

Ronnie alijikunja kumkwepa, nusu ya mwili wake ikawa nje ya mlango. Kichwa cha Nasambu kilizidi kushuka.

Nilikimbia, lakini matope yalinishika viatu. "Ronnie! Mguu wake! Ufunge mshipi!"

"Baba, siwezi! Ni Mama!"

"Mwenye huyo mama ni mimi! Mshike!"

Alinitazama, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeambiwa aweke mkono motoni. Kisha alivua koti lake, akalikunja juu ya jeraha, akaligandamiza kwa mikono miwili. Kichwa cha Nasambu kilitua begani kwake. Hakukikwepa tena. Alifumba macho na kuendelea kugandamiza.

Nilipofika nilivunja kijiti, nikakipitisha kwenye mshipi na kukizungusha mpaka ukakaza. Nilimwita Nasambu. Kope zilicheza. Kipyego alikuwa amewaita wanaume waliokuwa wamejikinga mvua kwenye kinu, wakashika gari pande zote.

"Hii ni gari ama ni wilibaro?" mmoja akasema.

"Beba kwanza, uliza baadaye!" Kipyego akamjibu.

Kilo mia nane na hamsini, na watu wawili ndani. Tuliinua. Kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba mkwe wangu hakununua gari la maana. Tuliliweka pembeni penye kokoto, Ronnie akatia gia, likaruka kuelekea lami kama swara, nasi nyuma yake.

Hospitalini walimshona, wakamwongezea damu. Jioni daktari aliniruhusu kuingia. Nasambu alikuwa amelala, uso wa kijivu, lakini macho ni yale yale.

"Baba Joy," akasema. Nilipolisikia jina hilo nilishika ukuta.

"Niko."

"Nilizirai?"

"Kidogo."

"Alinigusa?"

Ningeweza kudanganya. "Alikushika mguu. Lakini kwa koti. Na mimi ndiye niliyemwamuru."

"Koti la nani?"

"Lake."

Aliutazama mfuko wa damu. Nilingoja hukumu kama mtuhumiwa.

"Basi koti hilo asilivae tena," akasema hatimaye. "Utauza yule jogoo, ununue lingine. Mimi ndiye nitakayempa. Zito kidogo, maana gari lake lina baridi."

"Jogoo alitoroka, Mama Joy."

"Basi mtafute."

Nilitoka kumwambia Ronnie. Nilimkuta kwenye maegesho, bado amevaa shati lililolowa, akichota maji kwenye viti vya gari kwa kikombe cha plastiki. Paa lilikuwa wazi. Aliponiona alisimama, kikombe mkononi, akasubiri.

"Ametaka kujua kipimo cha mabega yako," nikamwambia.

Alikaa chini kwenye lami, akaufunika uso. Nilivua kofia yangu, nikaanza kuchota maji upande wa pili.