Uso wa Mtihani

Binti yangu Kirsten alipoingia na sanduku jeusi la vipimo vyake nilijua siku imeshaharibika. Anasomea udaktari wa saikolojia, na chuoni kwao wanafunzi hujifunza kupima kumbukumbu kwa kuanza na ndugu na jamaa. Alitakiwa atafute mtu wa makamo asiye na tatizo lolote. Akamchagua baba yake.

Kwenye simu nilimkatalia. Nikamwambia achukue jirani.

"Mama, Dakota Kaskazini nzima hakuna mwenye kumbukumbu kama Baba."

Zamani ilikuwa kweli. Mume wangu Delmar ni mnadi wa ng'ombe. Alikuwa anaweza kumwambia mtu bei aliyonunulia ndama miaka kumi nyuma, na jina la mbwa aliyekuja naye siku hiyo. Lakini Kirsten huja nyumbani sikukuu tu, na sikukuu mimi sibanduki ubavuni mwa mume wangu. Akikwama jina, nalitaja mimi. Akipoteza funguo, nasema ni mimi niliyezihamisha. Sina wa kumwomba radhi kwa hilo.

Wakakaa kwenye meza ya jikoni. Mimi nikajifanya naosha vyombo.

"Nikifeli nitarudia darasa?" Delmar akauliza.

"Hakuna kufeli, Baba. Ila matokeo sitakuambia. Anayepimwa kwa mazoezi haambiwi, ndiyo kanuni."

"Kanuni gani hiyo? Mimi nikinadi, kila mtu anasikia bei!"

Kirsten akacheka, kisha akavaa uso mwingine. Ndivyo wanavyofundishwa: usitabasamu, usikunje paji, anayepimwa asijue kama amepata au amekosa. Alikuwa ameufanyia mazoezi kwenye kioo mwaka mzima. Kwangu ulikuwa uso wa karani wa benki, na sikuupenda hata kidogo.

Akamsomea maneno polepole. Daraja. Siagi. Pazia. Nyundo. Ziwa. Na mengine. Akampa michoro ya kunakili, akamwuliza hili na lile, Delmar akatania mpaka mwisho. Ndipo Kirsten akasema, "Sasa niambie yale maneno niliyokusomea mwanzoni. Yoyote unayokumbuka."

Delmar akapiga meza kwa kiganja. "Haya haya, nani anipe mia, mia, mia na hamsini, yule bwana mwenye kofia..."

"Baba. Maneno."

Akageuka kunitazama. Ndivyo anavyofanya siku zote. Nami nikafanya ninavyofanya siku zote: nikainua kibakuli cha siagi.

"Siagi!" akasema kwa furaha.

"Mama!" Kirsten akanigeukia. "Ukimsaidia hivyo, mimi nitajuaje amefikia wapi?"

"Amefikia mezani kwangu, na chakula chake kinapoa. Funga sanduku lako."

"Tafadhali, Mama. Geukia dirishani."

Nikageuka. Nje theluji ilikuwa imefika kwenye magurudumu ya trekta. Nikangoja nimsikie mume wangu akisema hata neno moja, lolote.

"Mwanangu," Delmar akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Kwani kulikuwa na maneno?"

"Sawa, Baba. Tuendelee."

"Hapana. Weka kalamu chini." Hakuwa akitania tena. "Nimesimama jukwaani maisha yangu yote nikisoma nyuso za watu. Asiyemtaka ng'ombe hucheka, hujikuna, huangalia viatu vyake. Anayekaza uso namna hiyo ndiye aliyeshaona kitu. Umeona nini?"

"Siruhusiwi kusema, Baba."

"Basi umeshasema."

Uso wa mtihani ukamponyoka Kirsten. Akalaza kichwa juu ya karatasi zake akalia kwa kwikwi, na baba yake akawa anampapasa nywele huku akimwambia nyamaza, nyamaza, kazi yako umeifanya vizuri. Nilikichukia chuo chake, nikamchukia yeye kidogo, kisha nikaenda nikawakumbatia wote wawili.

Jumamosi iliyokuwa inakuja kulikuwa na mnada mkubwa. Delmar akainuka, akaichukua nyundo yake ya mnada kwenye ndoano mlangoni, ile ya mbao aliyorithi kwa baba yake, akaiweka ndani ya sanduku jeusi.

"Mpigieni simu mnadi mwenzangu Harlan, anadi yeye. Sitaki kusimama mbele ya watu natafuta bei mdomoni. Hii kaa nayo, Kirsten. Hata nikikuomba, usinipe."

Kirsten akaondoka nayo jioni ile. Mimi na Delmar tulilala tumeshikana mikono, na nilijiambia kwamba angalau sasa hakuna cha kuficha, tutaubeba mzigo huu pamoja.

Asubuhi nikamkuta mlangoni amevaa kofia yake ya mnada, anapapasa ukuta.

"Lorna, Kirsten anakuja lini na mtihani wake? Mwambie asiwe na wasiwasi. Nitamsaidia afaulu."

Akaendelea kupapasa, akainama kuangalia nyuma ya mabuti, akainuka na kunitazama.

"Na nyundo yangu iko wapi? Jumamosi ninanadi."

Nikamvua kofia taratibu. Nikamwambia ni mimi niliyeihamisha.