Robota kutoka Kwihara

Mama Katarina alikuwa analala kwangu, si kwa mkwewe, ingawa nyumba ya Nestory na yangu hapa Cheyo, Tabora, zinatenganishwa na kichochoro cha kupita kuku. Alitoka kijijini Choma na kapu la michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, kichwani siku ile ile aliposikia bintiye Magreth amejifungua kabla ya wakati, na mtoto yuko hospitali ya Kitete kwenye chumba cha njiti, mipira puani. Lakini kwao mama mkwe halali chini ya paa la mume wa bintiye. Hamtazami usoni, hagusani naye, jina lake halitaji. Mimi nyumba yangu ikinyamaza naumwa kichwa. Nikamwambia Nestory, "Mlete kwangu. Kitanda kipo, stori zipo."

Basi nikawa trafiki wao. Asubuhi mama anakwenda hospitali. Akirudi, ndipo Nestory anakwenda. Wakikaribia kukutana kichochoroni, mimi nakohoa. Wakiwa na neno la kuambiana linapitia kwangu, hata kama wamesimama jirani, huyu kautazama ukuta, yule kaitazama ndoo.

"Hafsa, mwambie baba wa mtoto chai iko tayari."

"Dada Hafsa, mwambie mama nashukuru."

Nami nasema yote, neno kwa neno, kana kwamba mmoja wao ni kiziwi.

Chai yenyewe mama hakuwa anainywa. Alikuwa anakaa nayo mkononi mpaka inaganda utando. Simu yangu ikilia, hata kama ni mtu anataka kuniambia nani kaachika mtaa wa pili, yeye anashika kifua. Presha anayo tangu zamani. Mchana mmoja nikaona huyu mama nisipomtoa nje ataniangukia jikoni, na habari ya kumwambia Magreth sitaipata. Nikamfunga kilemba vizuri, nikampeleka Bustani ya Kazeh.

Ndiyo, najua, ndiko anakofanya kazi Nestory. Ila alikuwa na ruhusa ya kumwangalia mkewe, na nilimwona kwa macho yangu akipanda bodaboda kwenda Kitete. Njia ilikuwa nyeupe.

Bustani ile ina bembea, ina bwawa la zege lisilo na maji, na ina treni ya juu. Hiyo treni ndiyo watu wanaitokea Nzega na Urambo kuja kupigia picha. Haipiti chini. Inapita juu ya reli moja nene ya chuma, iliyobebwa na nguzo ndefu mara mbili ya paa langu, inazunguka bustani nzima na kurudi. Mabehewa yamepewa majina ya vituo vya njia ya misafara, Bagamoyo, Mpwapwa, Tura, Kwihara, na ubavuni mwa kila moja mchoraji kachora wapagazi, wamebeba pembe na marobota, shingo zimekaza. Sikukuu yanaungwa yote. Siku za kazi linatoka moja tu, na siku ile lilitoka la Kwihara.

Irfan, mtoto wa mwenye bustani, alikuwa dirishani anakata tiketi. Akakataa kutuzungusha sisi wawili.

"Wawili hawalipi umeme, Dada Hafsa. Lete watu."

Kuniambia mimi nilete watu! Nikaangaza macho, nikamwona Mama Pushpa wa duka la vitambaa, kaja kuleta furushi la vitenge vya sare za wafanyakazi.

"Mama Pushpa, panda treni!"

"Na magoti haya?"

"Magoti utayakalia. Panda, mwenzio kapata mjukuu."

Akapanda na furushi lake.

Tulipong'oka kituoni, Mama Katarina alinishika mkono kwa kucha. Tulipopita juu ya miti akaachia kidogo. Akaona minara ya misikiti, akaona mnara wa kanisa, akaona reli ya kweli inang'aa kuelekea Kigoma. Akacheka. Tangu aje sikuwa nimesikia kicheko chake.

"Kumbe Tabora ni msitu wenye mabati!" akasema.

Hapo hapo ikaja harufu ya mpira unaoungua. Behewa likatetemeka, likajivuta mara moja, likasimama. Tulikuwa juu ya lile bwawa kavu.

Irfan akatoka mbio na kipaza sauti, japo hata angenong'ona tungemsikia. "Abiria wote, tafadhali tulieni! Mota imepata hitilafu ndogo!"

"Abiria wote ni sisi watatu!" nikamjibu. "Tushushe!"

"Fundi anakuja!"

Sikuuliza fundi yupi. Akili yangu ilikuwa kwenye wingu. Lilikuwa limeota upande wa Igombe, jeusi kama sufuria ya shughuli, na lilikuwa linakuja. Radi za hapa tunazijua. Mvua za kwanza hazipiti bila kuua ng'ombe wa mtu. Nasi tumekaa ndani ya chuma, juu ya chuma, na pembeni hakuna kitu kirefu kutuzidi.

Mama Katarina midomo tu ndiyo ilikuwa inasali. Nikamshika kiganja, baridi tupu.

Mara akanyanyuka nusu, akaelekeza kidole getini. "Hafsa. Yule anayeshuka kwenye pikipiki ni nani?"

Nikatazama. Nestory. Anakimbia, shati limetoka kwenye suruali.

"Anakimbia nini?" akauliza mama. "Ametoka kwa mtoto. Hafsa, anakimbia nini?"

Nilisahau treni, nikasahau wingu. Mama alikuwa ameshajifunika uso kwa kitenge na kuanza kuyumba, mbele, nyuma, mayo wee, mayo wee, kama mtu aliyefika msibani. Nikatoa kichwa dirishani nikapiga kelele kwa nguvu zote.

"Nestory! Mtoto vipi?"

"Mzima!" akajibu huku anakimbia. "Nimeitwa huku! Treni!"

Nikageuka. "Mama, mtoto mzima. Ameitwa kwa ajili ya treni. Fundi ndiye yeye."

Akaacha kuyumba. Kitenge hakukishusha.

Ngazi ndefu ikaegemezwa, Nestory akapanda na mkanda wa usalama kiunoni. Alipofika dirishani akageuza uso upande, pua yake ikaelekea yule mpagazi wa kuchorwa. Mvua ilikuwa imeanza kunusika.

"Dada Hafsa, mpe mama shikamoo yake."

"Mama, shikamoo."

"Mwambie marahaba," likatoka chini ya kitenge.

Mama Pushpa akapiga paja. "Nyie! Mnasalimiana na radi iko mlangoni?"

Nestory akaeleza. Nyaya za mota zimeungua, behewa halitoki leo. Irfan amewapigia zimamoto, gari lao liko kwenye ajali barabara ya Nzega, litakuja likimaliza. Mwenye mkanda na aliyefundishwa kushusha watu ni yeye peke yake. Anayeweza kukanyaga ngazi atashuka naye akiwa chini yake, anamwekea miguu. Asiyeweza, atambeba mgongoni.

Hapo sote tukamtazama Mama Katarina. Goti lake la kulia halikunji. Kumpandisha tu kwenye lile behewa, kituoni kwenye ngazi za saruji, nilimsukuma kwa mabega.

"Mwambie sishuki," akasema.

"Mama!"

"Mwambie ashushe ninyi. Mimi nangoja hao wa ajali."

Radi ikapiga kwa mbali, nguzo zikatoa mlio mdogo ambao niliusikia kwenye meno.

"Mama yangu," akasema Mama Pushpa, na sauti yake ikalainika. "Mimi tangu niolewe mpaka baba mkwe anafariki, hakuuona uso wangu. Nilikuwa namwekea chai na mtandio mpaka hapa. Lakini siku duka lilipowaka moto, alinivuta kwa mkono mpaka nje. Tulipofika nje nikafunika tena. Basi. Hakuna aliyesema neno."

"Wewe ulikuwa na mtoto mgonjwa?" Mama Katarina akauliza.

Mama Pushpa akavuta upindo wa sari begani.

"Mimi mjukuu wangu anapumulia mpira. Roho yake iko hapa," akaonyesha ncha ya kidole. "Leo nimvunjie baba yake heshima, nimkalie mgongoni kama mtoto, watu wanaona. Usiku mtoto akizidiwa, nitamwambia nini Magreth? Atasema mama, ulikwenda kupanda treni."

Hilo la kupanda treni lilinichoma mimi, maana nani alimpeleka?

Tukamshusha Mama Pushpa kwanza. Furushi la vitenge akaniachia miguuni. Nestory akapanda tena, na safari hii matone makubwa yalikuwa yanagonga bati, moja moja. Irfan kule chini akakishika tena kipaza sauti. "Dada Hafsa, shuka wewe! Shuka kwanza wewe!"

"Nikishuka mimi, hawa wataongeaje?" nikamjibu.

Nestory alisimama pale kwenye ngazi, shati limeanza kulowa. Nilidhani amekata tamaa. Kumbe alikuwa anamtazama yule mpagazi ubavuni.

"Dada Hafsa. Mwulize mama, ni kweli babu yake mzaa baba alikuwa mpagazi?"

"Anauliza..."

"Mwambie kweli. Alikwenda pwani akarudi, akaenda tena. Niliambiwa bega lake lilikuwa na sugu kama kwato."

"Mwulize, aliwahi kubeba mtu?"

"Mtu!" Sauti ikapanda chini ya kitenge. "Mwambie babu yangu alibeba pembe. Alibeba marobota ya nguo. Mpagazi habebi mtu, anabeba mzigo."

"Na mzigo akiubeba, anauangalia ndani?"

"Ataangaliaje? Umefungwa. Yeye kazi yake ufike."

Nestory akapangusa maji usoni. "Basi mwambie mama mimi mtu simwoni humu. Nimekuja kuchukua robota."

Mvua ikaanza kweli. Bati likanguruma, bustani yote chini ikapotea. Sikumwambia mama kitu, kwa mara ya kwanza tangu aje, maana hilo neno lilikuwa halihitaji mimi. Alikaa. Alikaa mpaka nikafikiri nimkamate kwa nguvu, nife na laana yake.

Halafu akasema, "Mwambie robota lifungwe vizuri. Lisionekane hata ncha."

Nikalipasua furushi la Mama Pushpa. Nikamzungushia vitenge vya sare, vipya, vinanuka duka, kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. Uso wote, mikono ndani. Nestory alikuwa ametazama mji. Akageuza mgongo dirishani, nikampakia, tukamfunga na mkanda, na kitenge kingine juu ya mkanda, fundo kifuani. Alikuwa mwepesi. Siku zote zile za kutokula.

"Mzigo umekaa?" Nestory akauliza.

"Umekaa."

"Mwambie mzigo hausemi," likasema robota.

Akaanza kushuka. Mimi nilibaki peke yangu, nimeshika chuma cha dirisha, nahesabu kila mguu anaoutafuta kwenye maji. Radi ikapiga karibu, nyeupe, nikaona kila kitu mara moja: Irfan kaikumbatia ngazi, Mama Pushpa kajifunika macho, na guu la Nestory linateleza kutoka kwenye kipago cha ngazi.

Ngazi ikaruka. Alibaki amening'inia kwa mikono, na lile robota mgongoni likapiga ukelele.

"Nestory!"

Bustani nzima ilisikia. Jina lake, zima, kutoka kinywani mwa mama mkwe wake. Guu likatapatapa, likapata kipago. Akatulia, kifua kinapanda na kushuka. Hakujibu. Mtu haitiki akiitwa na mzigo. Akashuka vilivyobaki, akaliweka robota kwenye benchi la kibanda cha tiketi, akaligeuzia mgongo, akaja kunichukua mimi.

Kibandani nilimfungua mama. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. Alitazama ukuta.

"Hafsa. Kuna mtu kaita jina la mtu kule juu?"

Mnanijua. Habari kama hiyo mimi ningeifikisha sokoni kabla mvua haijakatika.

"Sijasikia, mama. Radi ilikuwa inapiga."

Mama Pushpa akakamua upindo wa sari yake. "Hata mimi. Radi tupu."

Jioni, mvua imebaki matone ya paa, mama akachemsha michembe, akaitwangia karanga. Akajaza bakuli, akalifunika.

"Mpelekee yule mpagazi. Posho yake."

Nikavuka kichochoro. Nestory alikuwa mlangoni anaosha matope kwenye viatu. Alilipokea bakuli kwa mikono miwili.

"Mzigo ulifika salama?"

"Ulifika. Umekula, hata."

Hapo simu yake ikalia juu ya ndoo. Magreth. Nyuma yangu, dirishani kwangu, nikasikia kikombe kinawekwa chini. Nestory alikuwa na sabuni mikononi. Akaitazama ile simu inavyozunguka kwa kutetemeka, asiishike. Nikamshikia mimi sikioni. Alisikiliza. Alisikiliza muda mrefu, macho chini, na mimi sikuweza kusoma kitu usoni mwake.

"Dada Hafsa," akasema mwishowe, kwa sauti ya kumfikia hata jirani wa tatu. "Mwambie mama wametoa mpira mmoja. Bado mmoja. Usiku huu watamwangalia."

Nikageuka dirishani. Alikuwa amesimama pale, kashika kifua, macho kayaelekeza kwenye kuku.

"Mama," nikasema, "wametoa mpira mmoja. Bado mmoja. Usiku huu watamwangalia."

"Mwambie nimesikia," akasema.